Usingizi Ulionipa Wimbo wa Padiri

Wandugu, leo nimepata haya, na kwaya nzima ni shahidi. Naandika mwenyewe mbele hamujaisikia kwa Papa Déo, maana yeye ataongeza chumvi.

Munajua kesho Padiri wetu anatimiza miaka makumi mbili na tano ya upadri. Kwaya yetu ilipewa wimbo wa matoleo, lakini lazima uwe mupya. Mwalimu wa kwaya, Papa Déo, aliuliza nani atautunga. Kuna mutu mumoja alinyoosha mukono mbio sana. (Mimi. Nani tena?) Hiyo ni wiki tatu sasa. Kila akiniuliza, namujibu wimbo uko karibu. Ukweli, sikuwa na hata noti moja. Na bibi yangu, Maman Neema, mwenye anaimba soprano, alishaita wazazi wake kutoka Bunyakiri waje kusikia wimbo wa mukwe wao. Walifika jana, na kuku mukononi.

Leo asubuhi Papa Déo akanipigia simu. Akasema répétition, mazoezi ya mwisho ya kwaya, ni saa tisa, Padiri mwenyewe atapita kusikiliza, na kama wimbo hauko, matoleo yanaenda kwa kwaya ya vijana. Kwaya ya vijana! Wale wenye wanatucheka tukipanda ngazi za kanisa pole pole.

Nikakaa na kalamu. Do, re, mi. Nikafuta. Mi, re, do. Nikafuta tena, karatasi ikatoboka. Hapo nikakumbuka maneno ya mwenzangu, mwenye anafundisha biolojia kwenye shule yetu. Yeye anasema ukikwama na kazi ya kichwa, lala kidogo tu muchana. Unashika kijiko mukononi, sahani ya chuma unaweka chini. Ukianza tu kuzama, kijiko kinaanguka, kelele inakuamsha, na wazo unalikamata likiwa bado mulangoni.

Nikala kwanza bugali na samaki wadogo wa sambaza (mutu hatungi na njaa). Nikajitupa kwenye kiti karibu na dirisha la barabarani, kijiko mukononi. Nikamuambia mama mukwe asishangae, niko kazini. Akamuangalia bintiye. Bintiye akaangalia ukuta.

Kijiko kilianguka vizuri kabisa. Mwenye hakuamka ni mimi. Nilikoroma karibu saa nzima, mpaka Maman Neema akanitikisa bega.

"Papa Neema, kijiko chako kilishaanguka tangu zamani. Wimbo uko wapi?"

Nikafungua macho, na wandugu, wimbo ulikuwa humo kichwani! Muzima, na kiitikio chake. Unapanda kidogo, unatulia, unamalizika na vipigo vitatu vya nguvu. Nilisikia baridi mugongoni. Sikuwa najua umetoka wapi, na sikuuliza. Nikaweka maneno papo hapo: "Pokea Bwana, zawadi zetu: ndizi, mboga, mihogo." Mbele hata nifundishe mutu, nikasikia mama mukwe jikoni anaimbaimba sauti ile ile. Nikasema moyoni, wimbo muzuri unaingia mbio.

Saa tisa nikawafundisha. Wimbo wa sauti ine kwa kawaida unatumaliza wiki mbili. Huu, dakika kumi! Papa Déo, mwenye hajanisifu tangu nimujue, akaniambia ni kama alishausikia pahali. Nikamujibu kwamba nyimbo za kutoka juu ziko vile.

Padiri akaingia, akakaa kwenye benchi pamoja na wakwe zangu. Ningenyamaza tu. Lakini hapana, mimi nikasimama kueleza. Nikasema wimbo huu sikuutunga, nilipewa nikiwa usingizini, kama Yosefu alivyokuwa anapata habari zake katika ndoto. (Ndiyo, nilijiweka na Mutakatifu Yosefu. Mbele ya Padiri.) Baba mukwe akainamisha kichwa kwa heshima. Bibi yangu akanichekea vile hajanichekea tangu mwaka wa ndoa.

Tukaimba. Pole pole, kimisa. Padiri akafunga macho. Tukafika kwenye kiitikio, na hapo, nyuma ya ukuta wa kanisa, kipaza sauti cha muuza dawa kikapita barabarani. Sauti ile ile. Mwendo wa haraka kidogo tu.

"Nunueni dawa ya nguvu: panya, mende, kunguni!"

Na wanaume wa besi, bila hata kufikiri, wakaitika wote kwa sauti nene: panya, mende, kunguni.

Tukasimamisha wimbo. Lakini kile kipaza sauti hakijui kusimama, kinarudilia chenyewe. Kikarudilia mara tatu, na mara ya tatu mama mukwe alikuwa anaimba nacho.

Padiri akatuma waite yule muuzaji. Akaingia na furaha, akifikiri amepata wateja makumi tatu. Halafu akaniona mimi.

"Ah, papa, umeamka? Muchana nilipumzika chini ya dirisha lako, mupando wa kilima chenu unachosha. Nilitaka kuzima kipaza sauti, lakini nikaona umelala unachezesha kichwa. Nikasema niache, papa anaipenda."

Nilitafuta pahali pa kujificha, nikapata tu mugongo wa Papa Déo, na wenyewe ulikuwa unatetemeka kwa kicheko. Baba mukwe akamuuliza bibi yangu kwa sauti ya chini, lakini si chini sana, kama wanaweza kumurudishia kuku wake.

Padiri alicheka mpaka akatoa kitambaa cha kufuta machozi. Mimi nikangojea aseme matoleo yamekwenda kwa vijana. Akasema: "Kesho mutaimba huu huu. Miaka makumi mbili na tano naona watu wanasinzia kwenye matoleo. Kesho hakuna mwenye atasinzia." Halafu akanunua pakiti mbili za dawa kwa sababu ya sakristia.

Kwa hiyo wimbo wangu umepita. Misa ni saa tatu, njoeni wote. Ombi langu ni moja tu, nimepiga magoti: tukifika kwenye kiitikio, muitike ndizi, mboga, mihogo.