Helikopta Katika Mahindi ya Shangazi

Jumatatu, 9 Juni
Shangazi Blandina amepanda mlimani, Bombo, kumuuguza mama mkwe wake. Mimi nimeachiwa shamba la Bendera. Tembo wasile mahindi, ndicho chakula chetu mpaka mwakani. Nikae juu ya dungu la kulindia shamba nigonge debe. Debe! Mimi, Sifael, mwenye cheti cha kompyuta! Jirani Humphrey anagonga lake kila jioni, na shamba lake halijaguswa. Ushamba tu. Mwaka jana helikopta ya askari wa wanyamapori ilipita, tembo wote wakatimka. Nimepata wazo.

Jumanne, 10 Juni
Nimepiga mlio wa helikopta kwenye simu. Tembo wakatega masikio, kisha wakala mstari mzima. Humphrey akaja na debe akawafukuza. Akaniuliza kama wageni wangu waliupenda muziki. Mshenzi! Lakini kasoro nimeiona. Helikopta ya kwenye simu ilinyoosha njia kama msafiri, na tembo anajua haimhusu. Inayomtafuta yeye hukata kona!

Jumatano, 11 Juni
Kutwa kwenye kompyuta. Nimepakua programu ya kuigiza upepo wa mapanga ya helikopta. Sayansi tamu! Helikopta ikikata kona huku inashuka, kila panga hupiga upepo uliovurugwa na panga lililotangulia. Hapo ndipo hutoka ule mlio mkali, pa-pa-pa. Nimeilaza, nimeigeuza, nimeishusha. Kompyuta imechemka kama sufuria ya makande. Debe sijaligusa. Mahindi mengine yameliwa, ila utafiti una gharama zake.

Alhamisi, 12 Juni
Nimeazima spika za kwaya kwa Mzee Elibariki wa kanisani. Nilimwamkia shikamoo mara mbili. Alipouliza ni za nini, nikasema za kumfukuza adui. Akaitikia amina. Nimemwalika Humphrey aje kushuhudia. Kasema atakuja na debe lake.

Ijumaa, 13 Juni
Jioni tembo wakatokea. Nikawasha. Mungu wangu, mlio! Helikopta ilikata kona, ikainama, ikashuka. Tembo mbio! Nililia kwa furaha.

Kisha nikasikia vigelegele. Kijiji kizima kinakuja. “Mkubwa wa serikali anatua!” wanapaza sauti. Akina mama na kanga mpya, vibarua wa mkonge, mwenyekiti wa kijiji ndani ya suti, kwaya bila spika zake. Wote wakaingia mahindini kumtafuta mgeni. Nikapiga kelele kuwa hakuna mgeni. Nani angenisikia? Helikopta ilikuwa bado inatua. Mwenyekiti akaamuru mahindi yaliyobaki yafyekwe, mheshimiwa apate pa kushukia. Yakafyekwa yote!

Jumamosi, 14 Juni
Shangazi kashuka. Hakunigombeza. Alisimama katikati ya uwanja wake wa ndege, akauliza tutakula nini mwaka huu. Aibu niliyoona siwezi kuiandika. Humphrey akaleta gunia la mahindi yake ya akiba, hata shukrani hakungoja. Shangazi akalia. Mimi pia.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya ibada Mzee Elibariki alidai spika zake. Nimemwomba wiki moja tu. Usingizi sikupata, lakini kosa nimelijua: niliigiza helikopta inayotua! Hiyo lazima iite watu. Safari hii nitaigiza inayopaa. Wakiisikia watajua mkubwa kaondoka, warudi makwao. Ila shangazi hana tena shamba la kujaribia. Nimemfikiria Humphrey. Katutendea wema mkubwa, na mahindi yake bado yamesimama. Kesho jioni, akienda kuteka maji, namfungia spika shambani mwake.