Pampu Mbili na Gundi Kidogo

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa maabara ametangaza asubuhi. Pampu moja tu ndiyo itakayokwenda hospitali kujaribiwa kwa wagonjwa wa kisukari. Tumeunda mbili: yangu na ya Taratibu, jirani yangu wa meza. Shindano ni Ijumaa, mbele ya Daktari wa hospitali hiyo. Atakayeshinda, jina lake litaandikwa kwenye kifaa na ataongoza kazi yote.

Moyoni nimeshashinda.

Nilipofika nyumbani nikamweleza mama mkwe, anayeishi nasi na kujichoma sindano nne kwa siku. Akauliza pampu yenyewe ina ukubwa gani. Nikamwonyesha ukucha wa kidole gumba. Akanitazama kwa huruma, akasema pampu anazozijua yeye huvuta maji kisimani. Nikamfafanulia kwamba hii inabandikwa tumboni, inasukuma dawa tone kwa tone kutwa nzima, na sindano kwisha. Kisha ulimi ukaniteleza.

"Mama, kabla ya mwezi huu kwisha utavaa pampu yenye jina la mkwe wako."

Akatabasamu. Mara ya kwanza tangu harusi! Sasa sina pa kurudi nyuma.

Jumanne, 4 Machi

Pampu imegoma. Dakika kumi inasukuma vizuri, halafu kimya. Nikachungulia kwa hadubini. Kiputo cha hewa! Kimekaa katikati ya njia, ambayo ni nyembamba kama unywele, kimestarehe kama mwenye nyumba. Utando wa mpira unapiga, kiputo kinabonyea, kinarudi palepale. Nimegonga meza. Nimekitukana. Hakijali.

Ya Taratibu inafanya kazi tangu asubuhi. Tulimpa jina hilo kwa sababu mwanamke huyu hana haraka hata ya kwenda nyumbani. Anapima, anaandika, anapima tena. Na kila siku akifika huchemsha maji kwenye sufuria, akayaacha yapoe, ndipo aanze kazi. Nikamuuliza kama anaandaa chai. Akasema hapana, na kama nina nafasi atanieleza. Sikuwa na nafasi. Nilikuwa na kiputo.

Siri yake iko kwenye vali, kile kilango kinachopitisha maji. Lazima!

Jumatano, 5 Machi

Upelelezi. Nikajibanza nyuma ya kabati la vioo na daftari langu, nichore vali ya Taratibu akiifungua. Nilikuwa nimefika nusu ya mchoro. Msafishaji akatokea na kuniuliza, kwa sauti ya kuita watu, nimepoteza nini huko. Nikasema kifungo.

Mama wa watu ana roho nzuri mno. Akaleta ufagio, akasogeza kabati, tukatafuta nusu saa. Kikapatikana! Kifungo cha kijani, cha nani sijui. Nikalazimika kumshukuru na kukishona kwenye shati langu jeupe, naye amesimama ananitazama.

Mchana nikaunda vali kama ya Taratibu. Nikaifunga. Nikawasha. Dakika kumi. Kiputo.

Mke wangu ameniambia mama yake amewatangazia majirani wote. Maji yamenifika shingoni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata mpango. Wa ajabu! Rahisi hata naona aibu kwamba nimechelewa kuufikiria.

Mkuu aliamuru pampu zote mbili ziwekwe kwenye vikasha vya aina moja, Daktari asije akavutiwa na umbo. Kinachozitofautisha ni lebo ya jina, basi. Saa ya chakula cha mchana watu wakatoka. Mimi nikabaki na kibano na gundi. Lebo yangu nikaibandika kwenye pampu ya Taratibu. Lebo yake kwenye yangu. Dakika nne! Gundi ikanishika, kidole gumba na cha shahada vikawa kitu kimoja.

Taratibu akarudi mapema. Nikamsalimia mkono ukiwa mfukoni. Akauliza kwa upole pampu yangu inaendeleaje, maana ameona jinsi viputo vinavyonitesa. Nikamjibu leo iko vizuri kuliko siku zote. Sikusema uongo.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya siku.

Nimefika wa pili. Taratibu alikuwepo na sufuria yake, anajaza chupa za maji za pampu zote mbili. Nikamwacha ajichoshe. Alipokwenda kunawa mikono, nikaikagua pampu "yangu". Kitufe cha kasi kilikuwa kwenye mbili. Mbili! Mwanamke huyu hata mashine yake anaiendesha taratibu. Daktari atavutiwaje na mbili? Nikapandisha hadi tisa.

Daktari akaingia, mfupi, hana mzaha. Akasimama mbele ya mifuko miwili ya mpira iliyowekwa badala ya wagonjwa, akaeleza: pampu itakayotoa dozi ya siku moja kwa siku moja ndiyo anayoitaka. Tutaangalia kwa saa moja.

Pampu yenye lebo yangu ikaondoka kama mbio za mita mia. Maji yakaruka mrijani! Nikavimba kichwa. Nikamtazama Mkuu nione kama ameona. Alikuwa ameona. Dakika ya kumi na tisa chupa ikawa tupu.

Daktari akaandika kitu, akavua miwani, akanigeukia.

"Mgonjwa wako amekufa."

Nikamuuliza yupi. Akasema huyo mwenye dozi ya siku nzima mwilini kabla chai yake haijapoa.

Na ile nyingine? Pampu yangu, mtoto wangu mwenyewe, ikiwa na jina la Taratibu kifuani, ilisukuma tone. Ikapumzika. Tone. Ikapumzika. Haikukwama hata mara moja! Daktari akasema hajawahi kuona mtiririko mtulivu hivyo. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Ningefanya nini?

Jaribio la pili Jumatatu mchana, kisha uamuzi.

Jumatatu, 10 Machi

Taratibu amenifuata asubuhi mezani. Akavuta kiti, akaketi, sauti chini.

"Ndugu yangu, chini ya pampu yangu mimi huchora nukta ndogo nyekundu. Nimegeuza ile iliyomaliza chupa Ijumaa. Nukta iko pale. Nadhani lebo zilichanganyika. Iliyoshinda ni yako, nami nataka kumwambia Mkuu."

Nilitaka kumkumbatia. Halafu akili ikanirudia. Nani duniani hurudisha ushindi? Huu ni mtego! Jaribio la pili ni saa nane. Pampu yangu naijua: Ijumaa ilibahatisha, leo kiputo kitarudi. Anataka nifeli mara mbili kwa jina langu, yeye abaki safi.

Akaongeza kwamba tatizo langu lilikuwa maji tu. Ati yakichemka hewa iliyomo hutoka, na viputo havizaliwi. Ijumaa alinihurumia akachemsha ya watu wawili. Nikamsikiliza kwa adabu.

Tukaenda kwa Mkuu. Taratibu akaeleza. Nami nikapiga moyo konde nikakana kila neno. Nikasema iliyofeli ni yangu, iliyoshinda siijui hata kwa sura, na nukta nyekundu ni mazoea yangu tangu utotoni. Mkuu akataka niandike. Nikaandika. Akataka sahihi. Nikaweka sahihi, na tarehe, na kidole gumba bila kuombwa.

Saa nane wakaiwasha ile iliyoshinda. Dakika kumi. Nikasubiri kiputo. Dakika ishirini. Saa nzima. Saa tatu! Tone, ikapumzika, tone.

Mkuu amempa Taratibu kazi yote. Mimi nimepewa sufuria.

Alhamisi, 20 Machi

Mama mkwe ametoka hospitali na pampu tumboni. Ni miongoni mwa wagonjwa watano wa kwanza. Leo hajachomwa sindano hata moja. Ameketi sebuleni, anainua blauzi kila anapokuja jirani. Nilipomwona nilifurahi kweli, nakiri, machozi yakanilenga. Kisha nikasoma maandishi madogo kwenye kifaa. Jina la Taratibu.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia pampu hiyo niliiunda mimi, kwa mikono hii.

"Mwanangu, ya kwako si ndiyo ile iliyomuua mgonjwa?"

Mke wangu akainamia sahani. Mama mkwe akanipapasa bega, akasema uhandisi si kwa kila mtu, na kwamba amemwalika Taratibu chakula cha Jumapili. Ameniomba nimchemshie mgeni maji, maana amesikia kwa hilo ninasifiwa.

Sijakata tamaa. Nimekaa na daftari, nimechunguza tulipokosea, na jibu limepatikana. Maji hayana lolote. Kosa lilikuwa lebo: nilizibadilisha mara moja tu. Mwezi ujao shindano la pampu ya dawa ya macho linaanza. Gundi nimeshanunua. Safari hii, kwa uhakika, nitazibadilisha mara mbili.