Taarifa ya Utekelezaji wa Kijitabu cha Vitenzi vya Kiingereza

Mheshimiwa mwalimu wa zamu, ambaye kiti chake kinamwakilisha vyema, mheshimiwa kiranja, mheshimiwa mfuta ubao, waheshimiwa wa safu ya nyuma mliolala na mnaojifanya mmelala, itifaki imezingatiwa!

Nasimama mbele yenu, kwa ukakamavu wa kiuongozi, kutoa taarifa ya kijitabu cha vile vitenzi vya Kiingereza visivyopenda kutembea peke yavyo: "give" ukiipa "up" unakata tamaa, ukiipa "in" unasalimu amri, na ukiipa "away" unagawa bure. Kijitabu nilichowaahidi muhula uliopita kwa ajili ya mtihani wa insha wa kesho. (Makofi ya mtu mmoja, ni mimi.)

Kuhusu uzoefu wa mwenyekiti, katika insha yangu ya mazishi nilipachika vitenzi hivyo kumi na vinne kwenye aya moja, kwa lengo la kuinua viwango, hadi mwalimu akaandika pembeni: "Mbona marehemu ana shughuli nyingi hivi?" (Kicheko kirefu.) Ndipo kamati, kwa kauli moja ya mjumbe wake mmoja, ikaazimia kwamba si kila kitenzi kinafaa kila mahali: ukitaka kusema kuahirisha, rafiki mwandikie "put off", mkuu wa shule mwandikie "postpone", na marehemu mwacheni apumzike.

(Sauti kutoka nyuma: "Kijitabu kiko wapi, bosi?")

Swali zuri sana. Utekelezaji umefikia asilimia tisini, kwa maana kwamba mchakato, mkakati na rangi ya jalada vimekamilika.

("Tuache porojo, bwana!")

Namwona jirani yangu wa dawati amenyoosha mkono. Mnamjua: akianguka kesho, anarudia darasa.

("Mwenzangu, mimi sikununua cha dukani. Si uliniambia nisubiri chako?")

Ndiyo. Nilikwambia.

Vitenzi hoyee! Insha juu! (Kiti kinalia.)

Kwa kumalizia, nawashukuru nyote, na zaidi wewe jirani, kwa kukiamini kijitabu ambacho hakijawahi kuwa na ukurasa hata mmoja, isipokuwa jalada lenye jina langu kwa herufi kubwa. Nashuka jukwaani. Sogea kidogo nikae, ndugu yangu, toa daftari lako. Kengele ya kwenda nyumbani ikilia, mimi na wewe hatutoki.