Waraka wa Ugali wa Juu

"Watumishi wote wa Idara ya Hadhi na Ngazi, Dodoma, mnatangaziwa kwamba kuanzia Ijumaa ugali utaliwa kwa kufuata vyeo. Sehemu ya juu italiwa na wa juu, sehemu ya chini na wa chini. Asiyejua yuko wapi amuulize bosi wake."

Waraka huo uliandikwa na Bwana Romani, ofisa wa daraja la kati, aliyerudi kutoka semina kifua mbele. Huko mkufunzi aliwaeleza kwamba Waingereza humwita mtu wa tabaka la juu ganda la juu la mkate. Ati zamani mkate uliokwa kwenye sakafu ya tanuri. Chini ukashika majivu, wakala watumishi, na ganda safi la juu wakala mabwana. Kama ni kweli au porojo, mkufunzi mwenyewe hakuwa na hakika. Lakini jambo lilikuwa la Kiingereza na chai ilishafika, basi likapita.

Idara haikuwa na mkate. Ilikuwa na ugali wa Mama Flaviana, mpishi wa kantini. Mkurugenzi Gaudence alilipenda wazo hilo mno, akaahidi: uzinduzi ukienda vizuri, Romani atahamia meza kuu. Meza kuu! Mtu ameisotea miaka na miaka. Mkewe, Klara, alishawatangazia wanakwaya wote wa mtaani kwao Kikuyu. Mambo yakiharibika, uso angeuficha wapi?

Ijumaa Mkurugenzi akasimama kuzindua. Jua likapita utosini, yeye bado yuko kwenye utangulizi. Mama Flaviana akachungulia kutoka jikoni, akamwita Romani.

"Baba, niepue? Ugali unashika chini."

"Usiepue mpaka kiongozi amalize! Na ukipakua, juu pasiguswe. Usikwangue, usipunguze."

"Haya baba. Mie tena!"

Hotuba ilipokoma, mama wa watu akafanya kama inavyofanywa kila nyumba kuanzia Kibaigwa hadi Mpwapwa: akaupindua ugali kwenye sinia. Pu! Kilichokuwa chini ya sufuria kikawa juu, cheusi tii, kinafuka moshi. Na hilo, jamani, kamati nzima ya uzinduzi ilikuwa imelisahau.

Juu pakakatwa kwa heshima, pakapelekwa meza kuu. Mkurugenzi akatafuna. Akatafuna tena. Machozi yakamlenga.

"Romani, hiki nini?"

"Juu, mheshimiwa."

Pembeni madereva walikuwa wamekaa chini na ugali wao laini, wanachovya mlenda, wanacheka. Mkurugenzi akavumilia, akashindwa. Akanyanyuka na sahani yake, wakubwa wenzake nyuma.

"Noeli," akamwambia dereva wake, "huku chini pana nafasi?"

"Ipo, mzee. Ila foleni inaanzia kule nyuma. Na mnawe kwanza."

Wakanawa. Wakapanga foleni. Wakachuchumaa na suti zao.

Romani alibaki kasimama. Ndiyo ameharibu, au bado?

"Wewe Romani!" Mkurugenzi akaita, mlenda unamtiririka kidevuni. "Ahadi ni ahadi. Kakalie kiti changu."

Romani akakikalia. Meza kuu nzima ikawa yake peke yake.

"Na hicho cheusi ukimalize chote," Mkurugenzi akaongeza, akimega tonge jingine. "Sisi wa chini haturuhusiwi kukigusa. Waraka umekataza."