Duara la Egwang

Jumatatu, 2 Juni 1997

Egwang! Egwang! Leo Mzee Mulama, mkuu wa chuo chetu cha kompyuta hapa Busia, amemsifu mwalimu mwenzangu huyo mara tatu kabla ya chai. Chuo kikuu Nairobi kinataka mwalimu mmoja tu kutoka kwetu akasome miaka miwili. Swali la kushindania: chipu moja ina prosesa nne ndani yake, ziunganishwe vipi ili zitumiane data bila msongamano? Egwang kasema kwa duara, data izunguke kutoka prosesa moja hadi ya pili. Basi mimi nasema njia moja ya katikati, zote ziitumie kwa zamu. Sababu? Egwang kasema duara.

Kompyuta nzuri ameikalia yeye. Nitapima kwa baiskeli.

Jumanne, 3 Juni

Nimepanga viti vinne uwanjani Mundika. Hivyo ndivyo prosesa. Barua arobaini ndizo data. Njia yangu nimeipa vijana wanne wa boda boda, akiwemo Okiror, ambaye polisi wa mpaka hawajawahi kumshika na sukari ya magendo. Duara nimempa mzee Okwara. Baiskeli yake haina breki na ina kanyagio moja. Nimecheka peke yangu mpaka mama mwenye nyumba akauliza kama niko mzima.

Jumatano, 4 Juni

Balaa! Nilimwambia Okiror aende tena na tena, ana kasi. Emukule, mwenyekiti wa steji, akaja juu: boss, hapa ni laini, aliyetoka anarudi nyuma. Wengine wakasimama wakitafuna miwa, wakingoja mmoja amalize. Dakika hamsini na mbili. Okwara hakuwa na wa kumngoja. Bila breki hangeweza kusimama hata angetaka! Alizunguka tu, anapokea barua huku, anadondosha kule. Dakika thelathini. Nikaandika tisini. Kugeuka, Mzee Mulama yuko nyuma yangu, anatazama saa yake.

Ijumaa, 6 Juni

Egwang anaenda Nairobi. Mzee amesema duara likishinda hata kwa baiskeli ile, hahitaji ushahidi mwingine. Vipimo vyangu vimeingia kwenye ripoti ya Egwang! Amenikumbatia mbele ya Nerima wa ofisini, akanishukuru. Nimetabasamu hadi taya zikauma. Wivu unanichoma. Nilikuwa nimeshanunua sanduku la safari.

Jumapili, 8 Juni

Nimewaza ibada nzima, na kosa langu nimeliona. Huruma! Ningemng'olea Okwara na cheni pia.

Kesho anaripoti mwalimu mpya, Amoit. Wanasema ana kichwa. Nimeshaongea na Okwara.