Mgonjwa Yuko Nje, Msindikizaji Yuko Ndani

Leo nimepatikana. Nimepatikana hasa, mchana kweupe, mbele za watu, nikiwa nimevaa shati la pasi.

Naandika nikiwa stendi ya Kasulu, tunasubiri gari la kurudi Kibondo. Binti yangu yuko pembeni anakula mhogo wa kukaanga na kusoma kila neno ninaloandika. Amenipa ruhusa niwasimulie ninyi wenzangu wa chuo tu, kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, na nisitaje shida yake. La kwanza nitajitahidi. La pili ni rahisi, maana hata mimi sijaambiwa mpaka sasa.

Mnajua mke wangu yuko Morogoro masomoni. Nimebaki na mtoto, ana miaka kumi na moja, yuko darasa la tano. Juzi nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, akaja akasimama mlangoni.

"Baba, nataka kwenda kwa daktari."

"Kichwa?"

"Hapana."

"Tumbo?"

"Hapana. Daktari mwanamke. Na wewe usiingie. Na mtu asijue ni mimi."

Kalamu ikanidondoka. (Miaka yote nafundisha Jiografia. Nimeeleza volkano, nimeeleza matetemeko ya ardhi. Kwa hili nilikosa hata swali la kuuliza.)

Nikampigia mama yake. Nikafukuzwa sebuleni, wakanong'ona wee, kisha nikarudishiwa simu ikiwa ya moto. "Baba Nanihii," akasema mke wangu (jina limefutwa kwa amri ya mwenyewe), "si jambo la kutisha, ni mambo ya umri wake. Ila aonwe na mtu anayejua. Muulize mwenyewe anataka kwenda kwa nani."

Nikasema sawa. Sikumuuliza. Hapo pakumbukeni.

Nikaanza kuchagua daktari mimi mwenyewe, kwa akili zangu nyingi. Daktari wa kwanza ninayemfahamu pale Kibondo ni mwanamume, na kila Jumapili tunacheza naye drafti. Huyo nikamfuta. Wa pili mkewe anaimba nami kwaya, sauti ya nne na ya pili, tunasimama karibu. Nikamfuta. Halafu kuna Mama Glory, nesi, jirani yetu, tumetenganishwa na ua wa minyaa tu. Mwanamke, ana adabu, anajua kazi. Lakini Mama Glory akicheka anasikika sokoni! Na kila jioni anakuja kwangu kuomba kiberiti. Ningemtazamaje usoni? Nikamfuta na yeye.

Nikaenda dukani kwa Mama Saumu, mtu wa Tanga, anayejua kila kitu kinachotokea kati ya Kakonko na Kasulu. Nikamwambia kuna rafiki yangu ana binti.

"Mwambie rafiki yako aende Kasulu," akasema huku akinipimia sukari. "Kuna daktari mwanamama huko, mtu wa staha, siri yako haitoki. Na mwambie rafiki yako asisahau kumvalisha mtoto sweta, asubuhi kuna baridi."

(Alijua. Bila shaka alijua.)

Basi leo alfajiri tukapanda gari. Mnaijua barabara yetu. Tulipofika Kasulu mimi nilikuwa mwekundu kwa vumbi, kichwa hadi viatu, na lile shati la pasi lilikuwa limebaki na pasi kwenye kola tu. Lakini moyoni nilikuwa na amani. Kasulu hakuna anayetujua.

Tukaingia. Wa kwanza kumwona kwenye benchi la hospitali, mguu umefungwa bendeji, ni Baba Elia. Wa Kibondo! Mtoto wake Elia yuko kidato cha pili B, na mwezi uliopita nilimwita mzee huyu shuleni nikampa hotuba ndefu juu ya nidhamu.

"Mwakeye, Mwalimu!" akanisalimia kwa Kiha, kwa furaha yote. "Na wewe umefuata huku? Unaumwa nini?"

"Kawaida tu," nikasema. Binti akanishika shati kwa nyuma.

Sasa utaratibu wa pale ni huu. Kila mgonjwa anakuja na daftari lake, mnayarundika mezani kwa nesi, naye anachukua moja moja na kuita jina lililoandikwa kwenye jalada. Nikawaza haraka. Nikiandika jina la mtoto, litaitwa mbele ya Baba Elia, na ahadi yangu imekwisha. Nikatoa daftari jipya kwenye mkoba, nikaandika jina langu. Mwalimu Mbwambo. Nikajiona mjanja kupita kiasi.

Ningeishia hapo, leo msingekuwa na la kusoma. Lakini daftari la shule lina mistari yake kwenye jalada: Jina, Shule, Darasa, Somo. Na mimi, ndugu zangu, ni mwalimu. Siwezi kuacha nafasi wazi! Mwanafunzi akiiacha namkata maksi. Mkono wenyewe ukaendelea. Shule nikaruka kwa ajili ya siri (akili kidogo ilikuwepo). Darasa: la tano. Somo: Matatizo ya wasichana, daktari wa kike TU. Nikapiga mistari miwili chini. Kwa kalamu nyekundu. Mwalimu ana kalamu gani nyingine?

Nikalisukuma chini ya rundo, nikaketi nikisubiri kwa utulivu.

Nesi akaita watu saba. Kisha akachukua la nane, akalitazama, akalisogeza karibu na macho.

"Mwalimu Mbwambo!"

Nikasimama.

"Darasa la tano!"

Benchi likacheka kidogo. Nami nikacheka kidogo. Ndipo nikakumbuka mstari wa nne.

"Somo... matatizo ya wasichana. Daktari wa kike tu!"

Jamani. Kulikuwa na mtoto mchanga analia, naye akanyamaza.

Nesi alininyanyulia macho, akanishusha, akanipandisha tena. Halafu macho yake yakaanza kuhamia kwa aliyesimama nyuma yangu. Na ya Baba Elia. Na ya benchi zima. Mkono ulionishika shati ukazidi kulivuta. Hapo, wenzangu, sikuwa na muda wa kutunga. Mtoto aliniomba jambo moja tu katika safari hii.

"Mgonjwa ni nani?" nesi akauliza.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe ndiye mwenye matatizo ya wasichana?"

"Ndiyo. Huyu amenisindikiza."

Kicheko kilichopigwa pale sijawahi kukisikia hata siku ya mahafali. Baba Elia alijisahau akakanyagia ule mguu mbovu, akawa anacheka na kulia kwa pamoja. Bibi mmoja aliyejifunga kitenge cha kijani ndiye pekee ambaye hakucheka. Alinitazama kwa huruma ya kweli, akasema, "Yoo, pole mwanangu. Magonjwa ya siku hizi hayachagui."

Tukaingia. Daktari ni mwanamama wa makamo, mpole, kama alivyosema Mama Saumu. Akasoma jalada, akanitazama, akamtazama mtoto, akaelewa bila kuuliza. Akafunga daftari taratibu.

"Baba, tupishe."

Nikatoka. Na mlango wa kutokea ni uleule wa kuingilia! Nikajikuta nimesimama tena mbele ya benchi lilelile, peke yangu. Mgonjwa yuko nje, msindikizaji yuko ndani.

"Mwalimu," akasema Baba Elia, "umeshapona?"

Niliangalia tangazo la chandarua ukutani kana kwamba nitatungiwa mtihani wake. Ndipo yule bibi akasogea, akapigapiga nafasi kando yake. "Kaa hapa, baba," akasema polepole. Akawageukia wenzake, akawasemesha kwa Kiha, maneno machache, sikuyashika yote. Benchi likatulia. Baba Elia akakohoa, akaanza kuchunguza bendeji yake.

Mlango ukafunguliwa. Binti akatoka, uso mkavu, mabega yameshuka kama aliyetuliwa mtungi. Daktari nyuma yake akaniambia, "Mzima huyu. Anakua tu." Basi. Sikuongezewa neno.

Tulikuwa tupite mbele ya watu wote wale. Mtoto akainamisha kichwa. Bibi akamshika mkono, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka dirisha la dawa, "Pole kwa kuuguza, mjukuu wangu."

"Pole kwa kuuguza!" benchi zima likaitikia. Baba Elia naye. "Pole sana, binti. Baba anaendeleaje?"

Binti yangu akainua kichwa. Akawatazama mmoja mmoja, akasema kwa heshima zote, "Ahsanteni. Daktari kasema apumzike."

Nilitaka kulia pale, sisemi uongo. Nikajifanya vumbi limeniingia machoni.

Sasa tumeketi hapa stendi, na muda si mrefu nimemuuliza, nikiwa na fahari yangu kidogo, "Sasa mama, daktari niliyekuchagulia umempenda?"

"Ni mzuri," akasema. "Ila mimi nilitaka kwenda kwa Mama Glory."

"Mama Glory wa hapo nyuma ya ua?"

"Ndiyo. Yeye haambii watu. Mbona hata mama humwambia mambo yake."

"Sasa mbona hukusema?"

Akamega mhogo, akautia pilipili.

"Hukuniuliza, Baba. Ulisema tu nivae sweta."

Baba Elia ameondoka na gari lililotangulia. Mpaka tufike Kibondo, mji mzima utakuwa na habari zangu, na Mama Glory atakuja kwa kiberiti na kicheko chake. Mimi sitakanusha neno. Ninyi chekeni mkimaliza, ila atakayepita Kibondo na kuulizwa, naomba ajibu kama lile benchi la Kasulu: mgonjwa ni Mwalimu, na kwa sasa amepumzishwa.