Malalamiko Dhidi ya Mama Mkwe kwa Kunitengenezea Pikipiki

Gereji ya Calvince,
Manyatta, Kisumu.
Jumanne.

Kwa Baba Mkwe, Mzee Gordon Aloo,
Seme.

Mzee wangu mheshimiwa,

KUH: MAMA KUSHIKA TUPA

Natumaini umerudi salama kutoka matangani na goti limepoa. Huku wote ni wazima, isipokuwa mimi. Naandika kwa heshima zote kumshtaki mkeo.

Jumamosi, ukiwa hupo, mimi na mke wangu Lornah tulikuja kuwasalimu. Kufika langoni kwenu injini ikanguruma lakini pikipiki ikakataa kwenda. Sprokiti ya mbele, ile ndogo inayovuta cheni, ilikuwa imechomoka kwenye shafti kwa sababu thredi, yaani mifereji ya kushikia nati, zimekwisha na nati haishiki. Nati hiyo niliikaza mwenyewe kwa patasi na nyundo, kama ninavyowafanyia wateja wote, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Wengi hawajarudi kabisa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mila yetu inasema mtu na maro wake, yaani mama mkwe, wasikaribiane. Mama alianza vizuri. Alisimama mlangoni pa jikoni akamtuma Lornah, ingawa sote watatu tulikuwa tunasikiana. Lornah akaniambia Mama anauliza kama nati ile ni ya pikipiki hii. Nikamwambia Lornah amjibu kwamba nati ni nati. Mama akamwambia Lornah aniambie niweke nyundo chini. Sikuiweka, maana mwanamume hapokei amri kupitia kwa mke wake. Ndipo Mama akafunga leso kiunoni, akavuka uwanja mwenyewe na kigoda chake.

2. Alikuja na tupa ya pembe tatu, ile ya kusugulia chuma. Mzee, mbona wakati wa posa hatukuambiwa kwamba mama wa bibi harusi alitengeneza injini za mashua ufuoni kwa miaka kumi na mmoja? Sisi tulitaja mambo yetu yote, hata mjomba aliyefungwa.

3. Aliniamuru nivue koti langu la ukweni, nizungushe shafti pole pole kwa mkono, huku yeye akichonga mfereji mmoja baada ya mwingine. Alisema thredi za ndani bado ziko hai, za nje ndizo nimeziua. Kisha akatoa nati nyingine kwenye kopo, akaiingiza kwa vidole vitupu hadi mwisho ndipo akaomba spana. Akanitazama usoni, jambo ambalo mila hairuhusu, akasema: "Nyathina, mwanangu, nati ikikataa vidole, usiiletee nyundo. Inakuambia kitu."

Lornah hakucheka. Mzee, niliumia sana. Afadhali angecheka.

4. Tangu siku hiyo pikipiki haipigi kelele. Majirani walizoea kunisikia nikiwa bado mbali, sasa wanauliza ni nani aliyeitengeneza. Mimi nanyamaza, lakini Lornah hajui kunyamaza. Nikiinua nyundo gerejini, watu wazima wenye familia zao wananiuliza kama nimejaribu vidole. Jana wateja wangu wawili wamepita njia ya Otonglo wakija huko kwenu kwa Mama, na walipokuwa wakiondoka walinipungia mkono.

5. Kwa hiyo ubao wangu unaosema FUNDI WA YOTE umekuwa uongo, na aliyeufanya uwe uongo ni Mama. Hadi Ijumaa ulikuwa kweli.

Naomba basi wazee waitwe. Niruhusiwe kuirudisha pikipiki katika hali yake ya kwanza, mbele ya mashahidi, kwa nyundo yangu. Baada ya hapo itengenezwe upya na wanaume, yaani mimi na wewe, Mama akiwa jikoni. Najua hujawahi kushika spana, Mzee, lakini kutojua hakujawahi kunizuia mimi.

Nisalimie shemeji Frankline, majirani wa pande zote mbili, na ng'ombe wote, hasa wale niliowaleta mimi. Mama pia asalimiwe, ila kwa sauti ya chini.

Ni mimi mkweo mtiifu mwenye uchungu,

Calvince, Fundi.

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua hii, jirani yangu Byron ameleta pikipiki yenye ugonjwa uleule. Ndiyo anayompelekea mkewe kliniki, na mimba imefika miezi minane. Nimeshika nyundo, nikaiweka chini. Tupa nimenunua, lakini mkono wangu haujui pa kuanzia. Nimemwambia Byron kwamba sijui, na sijawahi kumwambia mteja yeyote hivyo. Pikipiki yake haitoki hapa hivi ilivyo. Tafadhali usiwaite wazee. Muulize Mama kama Ijumaa atakuwa nyumbani, nije anifundishe.